Jina Lililofungwa Kwenye Mshale

Jumatatu Matelda aliulaza mshale sarakani, ncha ikitazama ukuta. Jumanne akaukuta umegeuka, ncha inatazama kiti cha mdogo wake.

"Edwin, umechezea saraka yangu?"

"Nina mbao za kuranda, dada. Labda huo mshale umechoka kulala ubavu mmoja."

Walicheka. Ndugu hao wawili ndio waliokuwa wafanyakazi wote wa makumbusho yale madogo ya kisiwa cha Vanua Lava: Matelda akitunza vitu, Edwin akiunda makabati. Mshale ulikuwa umerudishwa kutoka makumbusho moja ya Ulaya, mmoja kati ya kumi na miwili, ncha yake mfupa wa mtu, na kikaratasi kimefungwa kwa uzi: "Asili haijulikani." Zaidi ya miaka mia ulikaa huko hivyohivyo. Matelda aliuonea huruma kama mtoto asiye na kwao. Ufumaji wa nyuzi shingoni mwa mshale ulifanana na wa bibi yake, basi akafuta maneno yale, akaandika "Saralava", kijiji walichozaliwa, na nakala ya fomu yenye jina hilo akawatumia wale wa Ulaya. Kalamu nayo ni kama ulimi, haina mfupa.

Jumatano ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Alhamisi saa sita mchana, wageni wawili wakiwa ukumbini, saraka ikaanza kugonga. Ko. Ko. Ko. Edwin akainama kusikiliza, na hapo ubao ukapasuka, mshale ukamwingia pajani ukatokea upande wa pili, na alipoushika auchomoe ukazidi kujisukuma wenyewe, ukizunguka ndani ya nyama kama keke ya seremala, damu ikiruka hadi kwenye vioo, Edwin akipiga mayowe, Matelda akivuta kwa mikono miwili huku mguu ameukita ukutani, wageni wakikimbia na kuacha viatu, mpaka ukachomoka na kuacha tundu lililofuka moshi.

Kufikia Ijumaa taya za Edwin zilikuwa zimefungana. Alilala zahanati, ng'ambo ya barabara, mgongo umejipinda kinyume kama upinde, na kila mshale ulipogonga ndani ya sanduku ulimofungiwa, mwili wake uliruka kitandani. Sindano za muuguzi hazikufua dafu.

Mjomba wao Wokot alivuka bahari kutoka Mota. Hakumtazama mgonjwa, alitaka kuuona mshale.

"Nani kaufunga jina hili?" alinong'ona.

"Mimi, mjomba. Nilitaka watu wajue ulikotoka."

"Ulikotoka! Mjinga we! Mshale wa mfupa haufungwi jina la unakotoka. Unafungwa jina la anayekwenda kuuawa. Tamate, mzimu wa mwenye mfupa huu, kapewa kijiji kizima. Kaanza na wa karibu."

"Mbona mimi hakunichoma? Si na mimi wa Saralava?"

"Wewe ndiye uliyempiga mdogo wako, mwanangu. Mshale haumrudii mpigaji."

Matelda akaushika uzi wa kikaratasi.

"Nikate uzi, mjomba?"

"Ukimnyima jina atajitafutia mwenyewe. Rudisha lile la zamani. Wazungu hawakujua kitu, na kutojua kwao ndiko kulikowaponya. Miaka mia amemwinda mtu aitwaye Haijulikani, hakumpata."

Matelda akaandika tena "Asili haijulikani." Wokot akauviringisha mshale kwa majani mabichi, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji. Maji yakachemka, kisha yakatulia. Kule zahanati Edwin akafungua kinywa, akaomba chai. Matelda alilia kwa furaha mbele ya kila mtu.

Mwezi ulipopita, Edwin akitembelea fimbo, barua ikafika kutoka Ulaya. Matelda aliisoma kwa sauti.

"Tunashukuru kwa fomu yako. Kwa msaada wako, asili ya mishale kumi na mmoja iliyobaki sasa inajulikana. Kila mmoja tumeufungia jina la Saralava, na yote iko njiani..."

Akaishusha barua.

"Barua ya lini hiyo, dada?"

Kabla hajajibu, simu ikalia. Alikuwa mjomba Wokot, akipiga kutoka Saralava alikokwenda kuwatembelea ndugu, akisema kwa kunong'ona.

"Mwanangu, ile harufu uliyonisimulia, ya nywele zinazoungua, iko huku, kila nyumba. Umeandika nini tena?"