Kipimo cha Nje

Magharibi ile nilikwenda kusoma vipimo kama kawaida. Mimi ni fundi cherehani, kisichopimwa sikiamini. Kidude cha kupimia hewa nimekitundika nje, ukuta wa nyuma ya jiko, nacho hutuma joto na unyevu kwenye kioo kidogo cha tarakimu kilichoko sebuleni. Naandika daftarini kila jioni. Mke wangu huniita Bwana Hewa.

Kitinda mimba wetu, miaka sita, alikuwa amelala kwenye kochi. Homa na kikohozi, siku ya tatu.

Nje kulikuwa na manyunyu, nyuzi joto kumi na tisa. Mara tarakimu zikaanza kupanda. Ishirini na sita... thelathini na mbili... thelathini na sita na nusu. Unyevu, asilimia tisini na nane.

Nikatoka. Hapakuwa na mtu. Kidude kilikuwa na joto, kimelowa, kama kimepuliziwa pumzi. Kilinuka udongo mbichi.

Nikasema kimeharibika. Nikakiingiza ndani nikikague.

"Haya, mgeni njoo, mwenyeji apone," mke wangu akacheka.

Mtoto akafumbua macho.

"Baba... mbona umemwingiza?"

Kisha akapoa. Akapoa mno, mkono wake ukawa baridi kama ukuta wa nje. Kabla sijamwita mama yake, akaketi, mzima kabisa, akaomba chakula.

Mke wangu alilia kwa furaha. Nami nilifurahi, sikatai. Nikakirudisha kidude mahali pake.

Jioni iliyofuata, nyuzi thelathini na sita. Nikasogea dirishani. Palepale ukutani, mtu alikohoa.

Kikohozi cha mwanangu.

Nikafungua mlango, nikaita jina lake hadi majirani wakatoka. Hapakuwa na mtu. Nimekiingiza kidude tena mara nne, nikitaka naye aingie. Kikivuka kizingiti tu, joto linabaki nje.

"Mtoto kapona, baba watoto," mke wangu ananiambia. "Unataka nini tena?"

Aliyeko mezani anakula, anacheka, hakohoi.

Naogopa, na sina la kufanya ila kuandika. Thelathini na nne. Thelathini na moja. Jana ishirini na saba, na kikohozi kimefifia.

Leo ni ishirini na mbili. Kipimajoto kingine, nilichokitundika mlango wa mbele, kinasema hewa ya nje ni kumi na tisa.

Yule wa mezani amekuja kusimama kando yangu. Anatazama kioo pamoja nami.

"Bado kidogo tu, baba," ananong'ona.