Chupa Nyeupe ya Asnath

Mimi Pasikali nina kasoro nyingi, na dada zangu wa Makere wanaweza kukutajia zote bila kupumzika, lakini kuingilia mapenzi ya watu si mojawapo. Wapendanao nawaachia uwanja wao. Mimi nakaa pembeni nicheke. Kwa hiyo haya ya Asnath na dokta Elisante yapokee kama yalivyo, kutoka kwa mtu asiye na upande.

Walikutana stendi ya Kasulu, katikati ya mabegi na kuku. Asnath alivaa gauni la kitenge cha kijani, limemkaa kiunoni kama lilishonwa yeye akiwa ndani yake, na kifuani amekumbatia chupa. Elisante, ndiyo kwanza anashuka basi la Kibondo, shati lake jeupe limegeuka rangi ya tofali kwa vumbi, akamkumba begani.

"Samahani dada. Maziwa hayajamwagika?"

"Si maziwa. Ni mapovu, na ukinikumba tena utayaua."

Dokta akacheka. Aliyekwenda kumpokea hakumpata. Alikuwa bado amesimama na Asnath, anafundishwa mapovu.

Asnath, mtu wa Musoma, alikuwa na maabara ndogo nyuma ya soko, mimi nikiwa msaidizi wake wa kuosha vyombo na kuchekesha. Alitengeneza maji ya kuoshea vidonda sugu. Ndani yake kuna mapovu ya oksijeni madogo mno, jicho halioni hata moja, ila yakijazana maji yanakuwa meupe kama yametiwa maziwa. Na Elisante kule Kibondo alikuwa na wodi ya wazee wenye vidonda vya miguu visivyotaka kupona. Unaona walivyofaana. Hata mimi niliona, ingawa sikuombwa maoni.

Simu zikaanza. Mama Mapovu umekula, Baba Vidonda nimekula, mpaka nikaomba niwe naosha vyombo nje. Lakini katika hayo mahaba dokta alikuwa na neno moja asilolegeza: chupa isiyochujwa vijidudu haimgusi mgonjwa wake, hata kama imetengenezwa na malaika.

Hapo ndipo pagumu. Kichujio cha vijidudu kina matundu madogo kuliko mapovu. Ukipitisha yale maji, yanaingia meupe, yanatoka maangavu. Vijidudu vimebaki huko, na mapovu nayo yamekwisha. Nilimkuta Asnath analia juu ya sinki. Nikamwambia asijitese, hata chai huchujwa mwisho, ndivyo dunia ilivyo. Akacheka, akanipapasa kichwa.

"Mdogo wangu, wewe ungefaa redioni."

Mdogo wangu. Na ndevu ninazo.

Kumbe utani wa chai ulimkaa, akaugeuza. Akaanza kuchuja mwanzo: maji pamoja na ule mchanganyiko wa mafuta unaoyavika mapovu ngozi, kabla povu hata moja halijazaliwa. Oksijeni nayo ikapita kichujio chake. Vyote vikaingia kwenye chupa iliyopikwa kwa mvuke na kufungwa kwa kizibo cha mpira, ndipo mashine ikaichachafya. Mapovu yakazaliwa humohumo ndani, yasilione chujio maisha yao yote. Chupa ikawa nyeupe, ikabaki nyeupe.

"Ikifika Kibondo hivi ilivyo," akamwambia dokta kwa simu, "tuma wazee wako kwetu Musoma wakapose."

"Na isipofika hivyo?"

"Tafuta nesi."

Nilikabidhiwa mimi niipeleke stendi. Nilipita kwa Apoline, mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayeuza maandazi, nikapumzika kidogo kwenye benchi lake, kisha nikampa kondakta mzigo. Kazi yangu ikaishia hapo.

Kibondo, Elisante aliwaita wenzake wote waje waone kazi ya mchumba. Akainua chupa dirishani. Ungeweza kusoma gazeti kupitia ile chupa. Manesi wakaangua kicheko, naye akapiga simu palepale, spika wazi, kama mtu aliyepewa aibu na anatafuta wa kumpa.

"Umenitumia maji ya kunawa."

"Elisante, imetoka hapa nyeupe."

"Umeichuja mwisho, ikafa, ukaituma hivyohivyo. Kama hunitaki sema. Wagonjwa wangu waache."

"Ilikuwa nyeupe, mpenzi."

"Usiniite hivyo mbele za watu."

Simu ikakatwa. Asnath alibaki ameishika sikioni.

Nilimfariji kadiri ya kipaji changu. Nilimwigiza dokta anavyosukuma miwani yake puani. Nikasema anayekuaibisha wodini atakuaibisha na mbele ya wanao. Asnath alicheka kidogo, akaishia kulia. Jumamosi nikavaa shati jipya.

Jumamosi hiyohiyo Elisante akatokea mlangoni, amekonda, chupa mkononi. Hakuja kuomba radhi, alikuja kurudisha. Alisema anataka kumwamini, aambiwe tu mapovu yalikufaje. Asnath hakujua, akasema hajui. Nikasogea katikati yao nikamwambia dokta, kwa upole kabisa, kwamba mikono mingine haina bahati, tusiilazimishe.

Apoline akaingia na sahani ya maandazi. Macho yake yakaganda kwenye ile chupa.

"Hii si ile chupa Pasikali alikuwa anachoma sindano kwa benchi yangu?" akauliza. "Alivuta ile maziwa, akaipitisha mu kale kachujio, ikatoka mayi tu, akairudisha. Miye nilimuuliza, akasema ni dawa ya mapendo."

Asnath akaichukua chupa, akakigeuzia kizibo kwenye mwanga. Mpira ulikuwa na vitundu. Elisante akavua miwani, akamshika Asnath mkono, naye hakuuondoa. Nikafungua kinywa nitoe utani. Nikawahiwa.

"Rudia, Mama Apoline," Asnath alisema bila kunitazama. "Polepole, dokta asikie."

Apoline akaiweka sahani chini ili mikono yote miwili iwe huru, akaanza kuonyesha.