Kiplangat Mbele ya Madaktari wa Jeshi

Kila asubuhi, nyumbani kwake Kibomet mjini Kitale, Chepchumba alimvalisha mwanawe soksi. Mwanawe Kiplangat alikuwa mwanaume mzima, tena askari. Lakini siku moja aliteleza kwenye lori la jeshi akishusha masanduku. Tangu hapo hakuweza kuinama. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka mguuni kama maji ya moto. Mwishowe akaachishwa kazi.

"Polepole, mama. Si kunyonyoa kuku hiyo," alisema, akicheka huku ameuma meno.

Mwaka wa 2005 aliitwa na madaktari wa jeshi. Hao ndio hupima kama mtu anastahili malipo ya ulemavu. Akarudi amekataliwa.

Jirani yao Arafa alikuja kuwapa pole. Arafa alikuwa akifanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya Bungoma.

"Ati wamekukataa? Uliingiaje mle ndani?"

"Kama askari. Nikapiga saluti. Waliposema inua mguu, nikainua."

"Haukuuma?"

"Karibu nizimie! Lakini mimi nilipashwa tohara bila kulia, Arafa. Nilie mbele ya watu?"

"Wacha hiyo, bana! Kisu kilikuwa cha siku moja. Hawa waliuliza ukweli, wewe ukawaonyesha gwaride. Wangeandika nini?"

Arafa akamlaza kwenye mkeka. Akauinua mguu wake ukiwa umenyooka. Haukufika mbali, Kiplangat akashtuka.

"Lakini aliumia mgongo," Chepchumba alisema. "Mimi nakanda huu mguu na mafuta kila siku. Mbona hauponi?"

"Mama Kiplangat, mguu hauna kosa. Kuna neva inatoka mgongoni, nene kama kidole chako. Inapita kwenye tako, inashuka mpaka wayo. Ikibanwa huku juu, mguu ndio unalia. Ugonjwa huo huitwa sayatika."

Chepchumba akajishika kiuno. Akaifuata njia ile kwa kidole mpaka kisigino. Kumbe! Mtu analima, anachota maji, anacheza harusini, na ndani amebeba kamba kama hiyo, wala hajui!

"Omba upimwe tena," Arafa alimwambia Kiplangat. "Usikawie, rufaa ina siku zake. Beba cheti cha matibabu ya kambini, cha siku ile ulipoanguka. Kwanza njoo Bungoma, daktari akupime mgongo. Na ukiulizwa, sema yote. Sema huwezi kukaa mpaka ibada iishe. Sema mama anakuvalisha soksi."

"Soksi pia? Aibu gani hii!"

"Hiyo usiache kabisa."

Siku ya kupimwa tena, Chepchumba alikaa nje kwenye benchi. Alikumbuka siku ya tohara, wanawake wakingoja mbali, yeye akiomba asisikie sauti ya mwanawe. Na hakuisikia. Leo aliomba aisikie.

"Inua mguu," daktari alisema ndani.

"Uwii! Mama yangu!"

Chepchumba akainuka kwenye benchi. Mwanaume huyu mrefu, mbele ya wakubwa wake! Aliona huo nao ni ushujaa, wa aina ambayo hakuwa ameijua.

Malipo yalikubaliwa. Kiplangat akatibiwa, akafanya mazoezi, na baada ya miezi kadhaa akaanza kuinama kidogo.

Wewe mama mwenye kijana jeshini, mwambie mapema. Akiumia kazini, aende hospitali siku hiyo hiyo, iandikwe. Na daktari akimuuliza panauma wapi, asipige saluti. Aonyeshe.