Nyumba Isiyofungwa Mlango

"Chukua pete yako, Unga! Chukua uende!"

"Siendi! Niambie kwanza ni nani."

"Nani nani?"

"Huyo mwanaume! Mtu haamki tu akarudisha pete. Ni yule dereva wa lori la maji, eti? Kila siku anakuja kupunguziwa suruali. Kwani anakonda kila siku?"

Pete ikanigonga kifuani, ikabingirika mpaka chini ya cherehani.

Jirani akazima redio. Si kwa heshima, alitaka asikie vizuri. Na wala haikuwa kazi, maana nyumba ile milango yote ilikuwa wazi kama siku zote. Wa mbele umezuiwa na tofali, wa jikoni tofali, hata wa vyumbani. Baba wa mchumba wangu, Afande, alikuwa hataki mlango ufungwe. Mvua ije, upepo uje, mbu waje na ukoo wao mzima, mlango haufungwi. Sisi tulisema ndiyo ujeshi huo, askari lazima aone nje.

Mimi naitwa Unga kwa sababu tangu nimalize shule nafanya kazi kwenye tanuri la mikate, na hata nioge vipi unga hautoki masikioni. Mwenzangu ni fundi cherehani, mwembamba, mtaa mzima unamwita Uzi. Ndoa ilikuwa imekaribia, suti nimeshaazima. Halafu jana, nakanda ngano, simu ikaingiza ujumbe:

"Usije tena. Sijakuchukia. Usiniulize."

Nikajibu: "Nimekosa nini?"

Kimya.

"Uzi jamani."

Kimya. Mikate ikaungua, bosi akaniita majina ambayo siyaandiki hapa.

"Hakuna dereva," Uzi akasema, sauti sasa imeshuka. "Angekuwepo ningekwambia. Ingekuwa afadhali."

"Sasa ni nini?"

"Njoo."

Akanivuta mpaka chumbani kwa Da' Mkubwa. Dada yake huyo katuzidi umri sote, ila mwili wake ni wa mtoto. Hajawahi kutembea. Hasemi, anacheka tu. Aliponiona akacheka, maana huwa namletea mkate laini, namchovyea kwenye chai. Gauni lake kalishona Uzi, limepasuliwa mgongoni lote na kutiwa vifungo, ili avalishwe bila kuinuliwa.

"Huyu alipatwa na nini?" Uzi akaniuliza.

"Si mlisema ni mambo ya ukoo wa mama yenu?"

"Ndivyo shangazi zangu walivyosema. Kwamba kwa kina mama kuna damu mbaya. Wakamsema jikoni, wakamsema msibani, mpaka akafa. Mjomba akasusa. Tangu tumzike mama hajakanyaga hapa."

"Kwani si kweli?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumnyoosha dada yake vidole, kimoja kimoja.

"Nilienda kupimwa, si tulikubaliana kila mtu apime kabla ya ndoa? Daktari akauliza habari za nyumbani. Nikamweleza kuhusu dada, alivyozaliwa uti wa mgongo uko wazi, kichwa kikajaa maji. Akauliza, mama yako alikuwa mgonjwa? Hapana. Baba yako alifanya kazi gani? Mwanajeshi. Alipigana wapi? Nikamwambia, ule msitu wa mpakani. Unga, yule daktari alivua miwani."

"Akasemaje?"

"Msitu ule ulinyunyiziwa sumu. Ya kukausha majani, adui akose pa kujificha. Akasema dada si wa kwanza. Watoto wa askari waliokuwa kule ameshawaona wengine hivi hivi."

"Lakini wewe mzima!"

"Mimi mzima. Mtoto wangu je? Nilimuuliza. Akasema huenda asiwe na kitu, huenda awe nacho. Hawezi kusema ndiyo, hawezi kusema hapana." Akanitazama. "Nimemgeuza dada kitandani tangu nina akili. Nampenda, sijawahi kuchoka. Lakini kuzaa mwingine wakati najua? Na kukutwisha wewe? Hapana."

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini siku hizi alikuwa anakataa kushona nguo za watoto wachanga. Wateja walidhani anaringa.

"Na mzee anajua?" nikauliza.

"Anajua."

Hakujibu Uzi. Aliyejibu alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Afande. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.

"Baba, unajua?" Uzi akainuka. "Unajua tangu lini?"

"Tangu dada yako alipozaliwa. Nilikwenda kumpa habari mwenzangu wa kikosi. Nikamkuta na wake. Vile vile."

"Ukanyamaza!"

"Nikanyamaza."

"Shangazi wanamwita mama mkosi, na wewe umekaa hapo unakunywa chai!"

"Mwanangu, sisi tuliambiwa ni dawa ya majani. Haidhuru mtu, walisema. Nilikuwa naibeba mgongoni, bomba linavuja, shati linalowa. Jioni tunalala ghala moja na mapipa, mvua nje, mlango umefungwa. Ile harufu..." Akashika mlango, akaupapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Mpaka leo mlango ukifungwa naisikia."

Nikatazama yale matofali. Miaka yote tumecheka.

"Sikuulizi habari za harufu," Uzi akasema, machozi yanamtoka. "Nakuuliza habari za mama."

Mzee akauachia mlango. Kisha akasema polepole:

"Niliona aibu. Mwanaume aliyerudi na medali, aseme yeye ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani? Mama yako aliniuliza kitandani kwake, siku za mwisho. 'Baba watoto, ni mimi kweli?' Nikamwambia apumzike."

Uzi akalia kwa sauti. Da' Mkubwa naye, asiyejua kitu, akaanza kulia kwa kumsikia. Nikamshika mkono mgonjwa, nikambembeleza, nikamwambia mkate unakuja, mkate unakuja.

Afande akatoa simu, ile ya vibonyezo, akapiga. Masikio yake mabovu, kwa hiyo huwa anaweka sauti kubwa.

"Nani?"

"Mimi, shemeji."

"Mimi nani?"

"Unanijua. Usikate."

"Sema unachotaka."

"Nina neno la dada yako. Haikuwa damu yenu. Ilikuwa yangu. Sitaki kulisema kwenye simu."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Nakuja. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikishasema."

Upande wa pili mtu akapumua.

"Njoo."

Akaweka simu mfukoni. Uzi akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akanigeukia.

"Umesikia yote. Sasa nenda, sitakulaumu."

"Naenda wapi?"

"Unga, usifanye mzaha. Nikizaa kama dada?"

"Nitaogopa. Pengine nitalia. Lakini kitanda kinageuzwa vizuri na watu wawili."

"Na nikikataa kuzaa kabisa?"

"Basi. Mimi nilichumbia Uzi, sikuchumbia tumbo."

"Mama yako anataka mjukuu."

"Nitamwambia mwenyewe. Yote, bila kupunguza. Humu ndani pamefichwa vya kutosha."

Akachungulia sebuleni.

"Pete iko wapi?"

"Chini ya cherehani."

"Iache hapo kwanza. Kaa. Kuna mengine daktari alisema, nataka uyasikie kabla hujajifanya shujaa."

Nikakaa.

Sebuleni Afande alikuwa anafunga kamba za viatu. Akavaa kofia, akaivua, akaitundika. Akatoka kichwa wazi. Akiwa kizingitini akageuka, akatuona tumekaa, na nyuma yake jirani kashika ufagio anafagia mahali hapo hapo pasipoisha.

"Zungumzeni," mzee akasema. "Mambo yenu hayo."

Akainama. Akalisukuma tofali kando kwa mkono. Bawaba zikalia kama mtu aliyeamshwa usingizini, na Uzi akanishika mkono kwa nguvu.

Afande akavuta pumzi, akaufunga mlango.