Mstari wa Hatua Sita

"Hivi huo mpira wenu wa mikono una sheria, au ni kunyang'anyana tu kama kuku na punje?"

Aliyeuliza alikuwa jirani, fundi cherehani, amesimama mlangoni kwake asubuhi moja, uzi mdomoni. Aliyeulizwa alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu aliyekaa ngazini akisugua raba zake. Shuleni walimwita Mshale, kwa kuwa mpira ukitoka mkononi mwake, kipa huusikia wavuni kabla hajauona. Jina hilo lilikuwa limempanda kichwani.

"Sheria zipo tele, mama," alijibu bila kuinua macho. "Timu ina watu saba, mmoja wao kipa. Ukishika mpira huruhusiwi kwenda zaidi ya hatua tatu, wala kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Udunde, utoe pasi, au upige. Mbele ya goli kuna mstari wa mita sita uliopinda. Ndani yake anakaa kipa peke yake. Sisi tunaruka kutokea nje ya mstari na kuachia mpira tukiwa bado hewani. Ukiukanyaga kabla ya kupiga, goli lako si goli."

"Kumbe mna kazi."

"Ni kazi kwa wasiojua kufunga," alisema Mshale, akabenua mdomo. "Mwenye mkono kama wangu hana haja ya kukariri."

Fundi alimtazama kidogo, akarudi kwenye cherehani yake.

Mshale alikuwa nahodha, na unahodha ulikuja na kazi moja aliyoidharau kuliko zote. Uwanja wao ulikuwa wa udongo, kwa hiyo kila Jumatatu mistari ilichorwa upya kwa majivu. Mwalimu wa michezo alimpa kamba ya mita sita. Ilitakiwa kufungwa chini ya nguzo moja ya goli, ivutwe ikaze, kisha mtu azunguke nayo akimwaga majivu. Halafu afanye vivyo hivyo kwenye nguzo ya pili, na kuunganisha pinde hizo mbili kwa mstari ulionyooka. Ni kazi ya kuinama, na majivu huingia puani.

Mshale aliifanya wiki moja. Wiki ya pili aliiacha kamba stoo, akapiga hatua sita kutoka golini, akamwaga majivu kwa kukadiria. Hatua zake sita hazikufika hata mita tano.

"Umepima?" mwalimu aliuliza.

"Kwa kamba, mwalimu."

Aliyeshtuka mapema alikuwa kipa, msichana mwembamba waliyemwita Kijiti. Anayesimama golini kila siku hujua watu wanampigia kutoka wapi.

"Nahodha, siku hizi mnanifikia karibu mno," alisema. "Tuchukue kamba tupime, mimi nitashika upande mmoja."

Mshale alisonya. "Wewe kazi yako kudaka. Umeshindwa kudaka, sasa unasingizia mstari? Vipimo waachie wenye akili."

Wenzao walicheka. Kijiti alifuta majivu kwenye magoti, akarudi golini. Muhula mzima timu ilifanya mazoezi, na hata kucheza mechi zake za mchujo, kwenye mstari ule. Miguu yao ikauzoea, wala hawakuutazama tena.

Siku ya fainali ya shule za mji walikwenda kucheza kwenye uwanja wa saruji, mistari yake imepakwa rangi. Refa alikuwa mama mmoja muuguzi wa zahanati, mtu mzima, mkavu wa maneno. Dakika ya kwanza tu Mshale alikimbia, akaruka, akapiga. Wavu ukatikisika. Filimbi ikalia: ameruka akiwa ameshakanyaga ndani. Mpira akapewa kipa wa wapinzani.

Mshale akaangua kicheko cha dharau. Akajaribu tena, filimbi ikalia tena. Mwenzake wa kulia akaruka, ikalia. Wa kushoto, ikalia. Kila mguu ulikwenda pale ulipozoea kwenda, na pale palikuwa ndani. Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa nane kwa mbili.

Waliingia kwenye darasa walilopewa kupumzikia. Wawili walikuwa wakilia. Mwalimu wao alikuwa amepandwa na hasira, ameshachomoa karatasi na kalamu.

"Hatutoki," alisema. "Naandika malalamiko kuwa refa anawapendelea, kisha tunakwenda zetu. Magoli sita ya halali kayafuta. Mimi si mjinga."

Mshale akaikumbuka kamba aliyoiacha stoo. Timu inayogoma kurudi uwanjani hufungiwa mwaka mzima, na wengi wao walikuwa darasa la mwisho; kwao hapakuwa na mwaka mwingine. Tena jina la mama wa watu lingeandikwa kwenye karatasi kuwa si mwaminifu. Alimtazama Kijiti. Kijiti alikuwa akimtazama vilevile. Angeweza kumtaja, akamwachia aseme mwenyewe.

Refa akaja mlangoni. "Mwalimu, muda umekwisha. Mbona hamtoki?"

"Nenda kwanza katafute miwani, mama," mwalimu alimjibu.

"Macho yangu yanatafuta mishipa ya watoto wachanga kila siku, na yanaipata," alisema refa. "Wasichana wako wanaruka wakiwa ndani kana kwamba mstari ni pambo la sakafu. Nani kawafundisha?"

Mwalimu alifungua mdomo. Mshale akasimama mbele yake.

"Ni mimi," alisema. "Sikupima kwa kamba. Nilipiga hatua zangu sita, muhula mzima. Mwalimu nilikudanganya. Kijiti aliniambia, nikamcheka."

Mwalimu aliichana karatasi vipande vinne, taratibu. Akamvua Mshale kitambaa cha unahodha mkononi, akamfunga Kijiti.

"Utacheza," alimwambia Mshale, "lakini ukivuka alama ya mita saba kusogelea goli unakaa benchi. Piga kutoka mbali, au toa pasi. Na wewe mama, nisamehe. Nimesema ovyo."

Kipindi cha pili walicheza kama watu wanaojifunza kutembea, wakitazama miguu yao. Mshale alipiga kutoka mbali, na mkono ule kweli ulikuwa mkono. Alipochezewa vibaya mbele ya goli, wakapewa penalti ya mita saba. Akasimama nyuma ya alama bila kuinua mguu, akafunga. Beki wao mmoja alimvuta mpinzani jezi akatolewa dakika mbili, wakabaki sita uwanjani, na Kijiti akadaka mipira mitatu peke yake. Walipungukiwa na goli moja tu. Kumi na nne kwa kumi na tatu.

Baada ya mchezo refa alikuja darasani kutia sahihi karatasi ya matokeo. Mshale alijisogeza karibu. Alitaka kusikia neno jema, maana alikuwa amesema ukweli mbele ya watu.

"Unangoja nikusifu?" refa aliuliza huku akiandika. "Kusema ukweli ni deni la kila mja wa Mungu. Umelilipa, vizuri. Lakini wenzako ndio waliofungwa nane."

"Najua, mama."

"Hujui bado, ndiyo maana nakwambia. Huo mkono unaojivunia hukuutengeneza wewe. Umepewa tu, bure. Kazi uliyopewa uifanye mwenyewe ilikuwa kuinama na kamba, ukaiona ndogo, tena ukamwona mdogo aliyejitolea kukushikia upande wa pili. Sikiliza, binti. Kipimo hakimjui hodari wala mnyonge. Ukikidharau leo ukiwa peke yako, kesho kitakuumbua mbele ya watu, na kitawaumbua na wasiohusika. Jumatatu mtapima nini?"

"Mita sita, mama. Mimi na Kijiti."

Refa aliangalia saa yake, akampa Kijiti kalamu atie sahihi mahali pa nahodha, akangoja wino ukauke. Kisha akaikunja karatasi, akachukua mkoba wake na kutoka.