Mpimatonge na Miiba ya Bi Zuwena

Mkono wa chuma ulishuka kutoka darini, ukamchomoa samaki vidoleni mwa Bi Zuwena kabla hajafika mdomoni, ukamwachia wali mkavu.

"Kiasi chako cha protini cha leo kimekwisha," ilisema Mpimatonge, kwa sauti laini ya mke mwenza anayekunyima chumvi.

"Kimekwisha vipi na sijala, mwanaharamu wewe?"

Katika Mtwara Mpya kila mwenye figo zilizochoka sana alifungiwa mashine hiyo. Daktari alikuwa amemweleza vizuri: protini ikizidi, takataka zake hujaa kwenye damu, na figo zake hazina tena nguvu ya kuzichuja. Ale kidogo. Bi Zuwena alikubali kidogo. Lakini kidogo hicho kilizidi kukatwa mpaka kikaisha, naye akakonda hadi bangili zikawa zinamvuka zenyewe.

Hemedi, mwanawe, injinia aliyeibuni mashine, alikuwa amekaa mkekani naye amefura.

"Mama, unadokoa. Mashine inasema jana ulikula samaki mzima."

"Tumbo la kumweka liko wapi? Nionyeshe!"

Binti zake Hemedi wakasogea kwenye sinia. Bi Zuwena, huku akiendelea kufoka, akamchambua samaki aina ya changu, akatoa miiba, akamwekea yule mdogo mnofu mbele yake.

"Bi Zuwena, umekula," ikasema Mpimatonge.

Hemedi akaganda. Jicho la mashine lilihesabu kila mnofu uliopita vidoleni mwa mgonjwa. Alikuwa ameifundisha kwa watu wanaokula kwa uma, kila mtu na sahani yake.

"Mama... inadhani unakula wewe."

"Na wewe nani alikuchambulia miiba mpaka ukaota ndevu? Uma?"

"Nitairekebisha, mama. Kesho asubuhi."

"Kesho! Na Bi Somoe wa ghorofa ya chini, aliyefungiwa mashine hii hii? Juzi mlimzika, mkasema ni figo. Nyumba yake imejaa wajukuu, Hemedi. Alikuwa akiwachambulia wote."

Hemedi alisimama, akaung'oa waya ukutani, na ule mkono wa chuma ukaning'inia kama kuku aliyechinjwa. Akageukia mlango.

"Unakwenda wapi? Kaa! Nichambulie wangu kwanza. Kipande kile alichosema daktari, usizidishe."

Injinia akanawa, akachambua kwa vidole visivyojua kazi hiyo, akampa mama yake kinofu kilichopondekapondeka. Bi Zuwena akakigeuza mwangani.

"Umeacha mwiba," akasema. Akautoa, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe, akala.