Tangazo la Mlango wa Mbele

Walikutana mchana, maktaba imefurika, kila kompyuta ina foleni yake. Mshonaji, kavaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe, sindano bado imechomekwa kwenye kola, alimpungia mkono fundi wa kompyuta.

"Kaka, mashine yako imenuna."

"Haijanuna, dada, imevimbiwa. Watu wanapakua sinema humu kama kwao."

"Basi ipe dawa. Mie nataka mitindo ya magauni tu."

"Nikiitibu, utarudi?"

"Wee! Itibu kwanza."

Alirudi, akarudi tena, hata fundi akawa anamfungulia mlango wa nyuma, wa wafanyakazi. "Usipange foleni juani, laazizi. Pita huku kwetu." Mchana akimpigia simu: "Umekula?" Alipenda kwelikweli, jamani, wala hakujificha.

Aliyeficha jambo ni mshonaji. Simu yake ilipoanza kuharibika, alipakua jumbe za sauti za mama yake, akazihifadhi kwenye kompyuta ya pembeni pale maktaba. Alijua hairuhusiwi, akaona akisema atamtia mpenzi wake matatani. Simu ikafa, akanunua kidude cha kupigia tu. Kisha mama naye akafariki. Kila jioni alivaa spika za masikioni, akamsikiliza: "Mwanangu, umekula?"

Virusi vikaingia, kompyuta zikagoma. Mkuu wa maktaba akaja juu: zifungiwe zote, mtu asipakue kitu tena, na vya zamani vifutwe. Fundi akaandika tangazo kwa herufi kubwa, hamisheni vitu vyenu kabla ya Jumapili, akalibandika mlango wa mbele wiki nzima. Jumapili akafuta kila kitu, kisibaki cha kurudisha.

Jumatatu mshonaji alipiga ukelele, watu wote wakageuka.

"Umemfuta mama yangu!"

"Mama? Laazizi, sikujua! Si nilibandika tangazo mlangoni?"

"Mlango upi?"

Fundi akageuka kuutazama mlango wa mbele. Ni yeye aliyemzoesha kutopita ule.

Alihangaika na kompyuta ile mpaka macho yakawa mekundu, asiokoe hata neno moja. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka akasikia pumzi upande wa pili.

"Umekula?" Mazoea yalimponyoka.

Mshonaji akaangua kilio. "Usiniulize hivyo! Najua hukukusudia, na nimekusamehe. Lakini ukiniuliza namtafuta mama, namkosa, nakusikia wewe tu. Siwezi."

"Nitanyamaza, basi. Nitakaa nawe kimya tu."

"Utanyamaza maisha yako yote?"



Baadaye sana fundi alimwona kwenye foleni ya mbele, juani, na gauni lile la manjano. Akatoka mbio, ufunguo wa mlango wa nyuma mkononi.

"Njoo upite huku, jua kali."

Mshonaji alimtazama kwa huruma, machozi yakimlengalenga.

"Asante, kaka," alisema. "Nitapita huku na wenzangu."

Foleni ikasogea, naye akasogea nayo. Fundi akarudi ndani kuwasha kompyuta.